Gari Linapogoma Kuwaka Asubuhi za Kipupwe: Kutafuta Kosa kwa Kufuata Dalili

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, mji wa Tabora huamka na baridi ambayo wageni kutoka pwani huishangaa. Mji umekaa kwenye uwanda ulioinuka mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, anga ya kiangazi haina mawingu ya kulizuia joto la mchana lisipotee usiku, na alfajiri kipimajoto husoma nyuzi 15 au pungufu kidogo. Huo ndio msimu ambao saa kumi na mbili asubuhi, katika mitaa ya Ipuli, Cheyo na Isevya, husikika stata zikikoroma nyuma ya kuta, na baada ya kukoroma hutoka kauli ileile ya kila mwaka: "Ni baridi tu, likipigwa na jua litawaka." Likipigwa na jua huwaka kweli, na kwa kuwa limewaka, kosa lenyewe huachwa lilale ndani ya gari hadi litakapochagua mahali pabaya zaidi pa kujitokeza, kama vile katikati ya pori la Sikonge.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja, nalo ni kwamba baridi ya Tabora haina uwezo wa kuligomesha gari lililo zima. Katika nchi ambako usiku hushuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, betri iliyojaa hubaki na nguvu inayokaribia asilimia 40 tu ya ile iliyo nayo wakati wa joto, oili huwa nzito kama asali iliyoganda, na dizeli huanza kutoa chembe za nta zinazoziba filta. Huko gari zima kabisa linaweza kushindwa, na ushauri mwingi unaosambaa kuhusu "gari na baridi" umetungwa kwa ajili ya watu wa huko. Kwa nyuzi 15 dizeli haitoi nta, na mengine hutokea kwa kiasi kidogo mno: betri hupoteza sehemu ndogo ya nguvu yake, oili huongezeka uzito kidogo, na petroli hugeuka mvuke kwa uvivu kidogo. Hayo "kidogo" matatu yakijumlishwa humaliza akiba ya gari ambalo tayari lilikuwa linaishi ukingoni. Kwa hiyo swali la kujiuliza asubuhi hiyo ni hili: kati ya betri, nyaya, stata, mafuta na moto wa plagi, ni kipi kilichokuwa kimebakiwa na akiba ndogo kiasi hicho?

Kuna ushahidi ambao wasafiri wa barabara ya magharibi wanaujua bila kuufikiria. Gari linalogoma Tabora hupelekwa Kigoma, likalala ufukweni mwa ziwa, mahali palipo chini kwa zaidi ya mita 400 na penye usiku wa uvuguvugu, nalo likawaka asubuhi kwa mguso mmoja. Mwenyewe hurudi akisema gari limepona. Halijapona, limeongezewa nyuzi chache za joto tu.

Sikiliza kabla ya kufungua boneti

Kosa kubwa la kwanza ni kukimbilia boneti. Washa swichi bila kupiga stata, tazama taa za dashibodi, kisha piga stata mara moja tu, kwa sekunde tano au sita, redio ikiwa imezimwa na kioo kimeshushwa ili usikie. Sauti utakayoisikia itakuingiza katika moja ya njia nne, na kila njia ina mafundi wake na gharama zake. Likinyamaza kabisa, au likatoa mlio wa ta-ta-ta-ta wa harakaharaka, au likapiga "ka!" moja likatulia, tatizo ni la umeme wa kuzungushia injini. Injini ikizunguka kwa kujikokota, bado ni umeme huohuo, au ni stata yenyewe, au ni oili. Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida bila kuwaka, acha kabisa kuisingizia betri na uende kwenye mafuta na moto wa plagi. Ikiwaka kisha ikazima, hiyo ni habari nyingine tena, na mara nyingi ni ya sensa au ya njia ya hewa.

Baada ya jaribio hilo moja, usiendelee kupiga stata kwa hasira. Stata ndogo ya gari la petroli hula umeme wa ampea 100 hadi 200 inapozungusha injini, na ya dizeli hula zaidi ya hapo. Ikipigwa nusu dakika mfululizo hupata joto la kuunguza nyaya zake za ndani. Sekunde kumi zinatosha, kisha ipumzike dakika nzima.

Mlio wa ta-ta-ta, au injini inayojikokota

Mlio wa haraka maana yake ni kwamba umeme upo wa kuvuta swichi ya stata (ile iliyo kwenye stata yenyewe, si ya ufunguo) lakini hautoshi kuzungusha injini. Swichi ikivuta, volti huanguka. Volti zikianguka, swichi huachia. Ikiachia, volti hupanda, nayo huvuta tena. Taa za dashibodi zitakuwa zikififia kwa kufuata mlio huo.

Chukua mita ya umeme, hata ile ya bei nafuu, na upime betri kwenye vichwa vyake kabla ya kubusti, yaani kuwasha kwa kuazima umeme wa betri ya gari jingine. Betri iliyojaa na iliyolala usiku mzima husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebakiwa na robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo, na chini ya 11.8 imekwisha. Kipimo cha pili ndicho chenye ukweli zaidi: mtu apige stata huku wewe ukiangalia mita. Volti zikishuka hadi 10 au 10.5 na injini ikazunguka, betri ina afya. Zikianguka chini ya 9.6 ilhali kabla ya hapo ilisoma 12.5, betri hiyo ina volti za kuonyesha lakini haina nguvu ya kazi, na kuichaji usiku kucha hakutaifufua.

Hapa inafaa kutaja jambo linalowashangaza wengi. Kinachoua betri Tabora ni joto la Septemba na Oktoba, wakati jua la mchana huzidi nyuzi 30 na chini ya boneti ni zaidi ya hapo. Joto huharakisha kuoza kwa sahani za ndani na hukausha maji ya betri. Betri huugua Oktoba, lakini kwa kuwa injini yenye joto huzunguka kwa wepesi, ugonjwa hauonekani. Hufichuka Julai inapotakiwa kufanya kazi ya ziada kidogo. Kwa sababu hiyo, mwenye betri ya vifuniko vinavyofunguka na afungue akague maji mwezi Oktoba na Novemba badala ya kusubiri kipupwe, na aongeze maji ya betri yaliyosafishwa peke yake. Asiongeze tindikali, kwani kinachopotea kwa joto ni maji.

Betri ikiwa changa na bado inaamka ikiwa tupu, kuna mambo mawili ya kupima. La kwanza ni alteneta, kifaa kinachochaji betri: injini ikiwa inaunguruma, vichwa vya betri visome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Vikisoma 12 na kitu, betri haichajiwi na safari zako zote unazifanya kwa akiba. Vikizidi 15, inachemshwa, na ndiyo maana maji yake huisha upesi. La pili ni umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Alamu iliyofungwa na fundi wa mtaani, kifaa cha kufuatilia gari, au redio iliyounganishwa moja kwa moja kwenye betri vinaweza kunyonya usiku kucha. Kipimo chake ni kuvua waya wa hasi na kuiweka mita, ikiwa upande wa ampea, kati ya waya huo na kichwa cha betri, kisha kusubiri nusu saa ili vifaa vya gari vilale. Kinachobaki kisizidi miliampea 50. Kikizidi, vua fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ishuke, na hiyo fyuzi itakutajia mwizi. Usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, itaungua.

Wanaotumia gari kwa safari fupi za sokoni na kurudi wana tatizo lao la pekee. Kuwasha injini mara moja hula chaji ambayo mwendo wa dakika tano, taa zikiwaka na feni ikizunguka, haiwezi kuirudisha, na gari la namna hiyo huweza kugoma ingawa kila kifaa chake ni kizima. Hilo dawa yake ni kulitoa mara moja kwa wiki hadi Uyui au Nzega.

Kama ni lazima kubusti, fuata mpangilio. Waya mwekundu uanzie chanya ya betri iliyokufa uende chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanzie hasi ya betri nzima na uishie kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri yake. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, na cheche ya mwisho ya kuunganisha isirukie mahali gesi hiyo ilipo.

Waya wa athi, yaani wa hasi ya betri, ambao hakuna anayeushuku

Sehemu hii nitaikalia kwa muda, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi Julai, gari langu lililokuwa likilala chini ya mwembe huko Ipuli lilianza kujikokota asubuhi. Nilibadilisha betri. Kwa wiki mbili liliwaka vizuri, kisha likarudi kulekule, nami nikaamini nimeuziwa betri mbovu, nikaenda kugombana dukani. Walipoipima ilikuwa nzima, nikadhani wananidanganya.

Asubuhi moja nilikuwa nataka kuwahi Sikonge, gari likagoma, nikampigia kijana mmoja fundi umeme wa magari. Alikuja na baiskeli, mita mfukoni, mikono ameificha ndani ya koti. Hakugusa betri.

"Shikamoo mzee. Piga stata mara mbili halafu uache."

Nikapiga. Injini ikageuka kidogo, ikakwama.

"Sasa shuka uje uweke mkono hapa."

Alikuwa ameonyesha waya mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye gia boksi, pale mwisho wake uliposhikwa na bolti. Asubuhi ile bati la boneti lilikuwa la baridi kiasi cha kukunyima hamu ya kuliegemea, lakini bolti hiyo ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Akaiweka mita upande wa volti, ncha moja juu ya kichwa cha hasi cha betri, nyingine juu ya chuma cha injini, akaniambia nipige tena. Mita ikasoma 1.4.

"Mzee, volti moja na nusu zinaishia njiani. Hata ukinunua betri ya lori, zitaishia hapahapa."

Tulipouvua ule waya na kuupasua ganda lake, nywele za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani kwa urefu wa kidole kizima, na zilizobaki nzima zingehesabika. Alifunga waya mpya mnene, akaikwangua sehemu ya bolti kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akapima tena: 0.15. Injini ikazunguka kama ya mchana.

Kipimo hicho ndicho ningependa kila mwenye gari akijue, kwa kuwa hakihitaji kufungua kitu. Betri nzima na waya mbovu hutoa dalili zilezile za betri mbovu, na mchana, injini ikiwa nyepesi, volti zilizobaki hutosha na gari huwaka. Kati ya kichwa cha hasi na chuma cha injini, stata ikizunguka, kusiwe na zaidi ya volti 0.3, na kati ya kichwa cha chanya na bolti kubwa ya stata, zisizidi 0.5. Kati ya kichwa cha betri na kishikio chake, pale penye unga mweupe au wa kijani, mita isome karibu na sifuri. Ncha moja ya mita iguse risasi ya kichwa chenyewe na nyingine iguse kishikio, kwani ukizigusisha zote kwenye kishikio hutaona lolote.

Unga huo husafishwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, kisha huswakiwa na kupakwa grisi baada ya kukaza. Kupaka grisi kabla ya kusafisha ni kuufunika ugonjwa kwa blanketi.

"Ka!" moja, au ukimya

Stata inapopiga mlio mmoja mzito na kutulia, taa zikiwa hazijafifia, na vipimo vya hapo juu vimetoka vizuri, tatizo limo ndani ya stata. Katika magari mengi ya Toyota, kinachokwisha ni vipande viwili vya shaba ndani ya swichi ya stata, ambavyo mafundi huviita kopa. Kila unapowasha hutoa cheche na kulika, na upande mmoja ukishalika kuliko mwingine, mguso huwa wa kubahatisha: mara ya kwanza "ka!", ya pili "ka!", ya tano ikawaka. Kopa hubadilishwa peke yake bila kununua stata nzima, nami ningemtilia shaka fundi anayeanza kwa kukutajia bei ya stata. Kama kugonga mwili wa stata kwa spana kunaiamsha, mara nyingi ni kaboni (vipande vinavyopitisha umeme ndani yake) zilizokwisha, na kugonga huko kutakusaidia siku mbili tatu tu.

Ukimya kamili, huku taa za dashibodi zikiwaka kwa nguvu, una sababu ndogondogo zinazoaibisha. Katika gari la otomatiki, sogeza mkono wa gia kutoka P kwenda N ujaribu tena. Katika la manyuo la miaka ya karibuni, kanyaga klachi hadi mwisho. Tazama kama taa ya ufunguo inapepesa, kwa maana hiyo ni dalili ya gari kutoutambua ufunguo. Kisha angalia fyuzi na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) ya stata. Baridi haihusiki hapa hata kidogo.

Betri nzima, stata nzima, injini nzito

Inapotokea hivyo, uliza oili. Kuna mazoea ya kumimina oili ya 20W-50 kwa kila injini, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Namba iliyo mbele ya W huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ndogo ndiyo nyepesi. Oili ya 20W haitaigomesha injini zima kwa nyuzi 15, lakini kwa injini ndogo za kisasa zilizotengenezewa 5W-30 au 0W-20 ni mzigo usio na faida, na hasara yake huonekana asubuhi stata inapokokota na oili inapochelewa kufika juu. Fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko cha oili au kitabu cha gari. Kwa injini kuukuu inayokula oili, fundi anaweza kuwa na sababu ya kukupa nzito zaidi. Mwulize ni ipi.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki: gari la petroli

Anza kwa jaribio lisilo na gharama. Washa swichi bila kupiga stata, subiri sekunde mbili, zima, na urudie mara tatu. Kisha piga stata. Ikiwaka papo hapo, ilhali siku zote huhitaji kuzungushwa muda mrefu, umeshapata jibu: presha ya mafuta huvuja usiku, ama kwa valvu ya pampu iliyochoka ama kwa nozo (vipulizia mafuta) zinazodondosha, na kila ulipowasha swichi ulikuwa unaijaza upya. Katika magari mengi utaisikia pampu ikinguruma kwa sekunde mbili chini ya kiti cha nyuma. Baadhi ya Toyota za zamani pampu zake haziamki hadi stata izunguke, kwa hiyo ukimya pekee usiutumie kuihukumu pampu.

Sensa ya joto la injini ndiyo inayofanana zaidi na uchawi. Kompyuta ya gari huitegemea ili kujua iongeze petroli kiasi gani injini ikiwa baridi, kazi ambayo zamani ilifanywa na choki kwenye kabureta. Sensa ikisema injini ina nyuzi 80 wakati ina 15, kompyuta hutoa petroli kidogo mno, plagi hupiga moto kwenye hewa tupu, na gari hukataa asubuhi lakini huwaka vizuri sana saa sita. Fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta aisome kabla gari halijawashwa: joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana baada ya usiku mzima. Yakitofautiana kwa nyuzi nyingi, mojawapo inadanganya. Bila mashine, chomoa sensa upime ukinzani wake. Katika Toyota nyingi huwa kati ya kiloomu 2 na 3 kwa nyuzi 20, na hushuka hadi karibu 0.3 kwa nyuzi 80.

Plagi zilizochakaa nazo hujitokeza kwenye baridi. Mwanya ukipanuka kwa kulika, koili, inayozipa plagi umeme wake, hulazimika kutoa umeme mkubwa zaidi ili cheche iruke, na betri iliyonyonywa na stata haiipi koili nguvu hiyo. Ukichomoa plagi ukazikuta zimelowa petroli, mafuta yanafika na moto ndio haba. Kanyaga pedali ya mafuta hadi chini kabisa huku ukipiga stata, na gari nyingi za nozo zitafunga petroli ili injini ijikaushe. Ukizikuta kavu kabisa baada ya kuzungusha muda mrefu, rudi kwenye pampu na filta, na ukumbuke kama petroli ya mwisho uliinunua kwenye dumu barabarani.

Ikiwa gari huwaka ukikanyaga pedali na huzima ukiiachia, fungua bomba la hewa uangalie kipepeo cha kupitishia hewa kwenye injini. Vumbi letu la kiangazi likichanganyika na mvuke wa oili hufanya masizi yanayoziba njia ndogo ya hewa ya sailensa, yaani ya injini inapounguruma bila kukanyagwa mafuta. Usafi wa nusu saa humaliza jambo hilo.

Dizeli: tazama moshi

Msimu wa kipupwe ndio pia wa masoko ya tumbaku, na pikapu na malori ya dizeli huwa na haraka kuliko magari mengine yote. Dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na chuma cha baridi huiba joto hilo. Ndiyo maana injini kama 1HZ ya Land Cruiser imepewa plagi za kupasha moto, ambazo mafundi huziita hita, moja kwa kila silinda.

Mtu mmoja akipiga stata, mwingine asimame nyuma atazame ekzosi. Moshi mweupe ukitoka na injini haiwaki, dizeli inafika ndani lakini haishiki moto, na wa kwanza kushukiwa ni hita. Vua ukanda wa chuma unaoziunganisha upime kila moja: nzima huwa na ukinzani wa omu moja hivi au pungufu, iliyokufa haipitishi kitu. Mbili zikifa kati ya sita injini huwaka kwa kutetemeka na kutoa moshi, kisha hutulia baada ya dakika moja; nne zikifa asubuhi hiyo hutaondoka. Kama zote ni nzima, pima kama umeme unazifikia swichi ikiwashwa, kwa sababu rilei yake hufa pia. Jambo moja lisifanywe kamwe: kupuliza dawa ya kuwashia yenye etha kwenye injini ambayo hita zake ni za moto. Huweza kulipuka ndani ya bomba la hewa na kupasua pistoni.

Kusipotoka moshi wowote, dizeli haifiki. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini mwanzoni na ikagangamala baada ya kubonyezwa mara ishirini, kisha gari likawaka, hewa inaingia kwenye njia ya mafuta usiku na dizeli inarudi tangini. Tafuta mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, au kifuniko cha filta kilichofungwa bila mpira wake. Mahali hapo mara nyingi hapatoni dizeli nje, bali huvuta hewa tu, kwa hiyo usitafute unyevu peke yake. Funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu, na viputo vya hewa utaviona kwa macho. Wakati huohuo fungua kizibo cha chini ya filta ukinge kwenye chupa: maji hukaa chini na dizeli juu, na mpaka wake huonekana wazi. Anayekuambia kuwa dizeli imeganda kwa baridi ya Tabora mwombe akuonyeshe.

Na wale madereva wanaowasha moto wa kuni chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) alfajiri wanapaswa kujua kwamba wanapasha oili iliyo chini, ilhali panapohitaji joto ni kwenye silinda juu, na katikati ya hapo pana mipira, nyaya na oili iliyovuja.

Hita zikiwa nzima, dizeli ikifika bila hewa, stata ikizunguka kwa kasi, na bado moshi ni mweupe kila asubuhi, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Silinda ikisoma chini, fundi adondoshe oili kijiko kimoja ndani yake apime tena. Namba ikipanda, ni ringi za pistoni zilizokwisha. Ikibaki palepale, ni valvu au gasketi ya kichwa cha injini.